Michezo ya Video ya Zamani Isizikwe Bila Matanga

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Sidhani kama pana uwanja ambamo msemo huu umetimia zaidi ya uwanja wa michezo ya video. Mchezo mpya ukitoka, vijana huukimbilia kama wanaoikimbilia mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mwaka ukipita, umezeeka. Miaka kumi ikipita, hakuna duka linalouuza. Na ikipita thelathini, huenda hata kampuni iliyoutengeneza ikawa imekwisha kufilisika. Anayeulizia habari zake huchekwa, kana kwamba ameulizia kiatu cha mguu mmoja.

Leo nakusudia kuitetea michezo ambayo wengi watastaajabu kusikia kwamba ina mtetezi. Nayo ni ile michezo ya mapigano na fujo za mitaani iliyochezwa kwa sarafu katika kumbi za Japani, Marekani na kwingineko, katika miaka ya 1980 na 1990. Hasa ile ambayo haikujaliwa sifa kubwa. Siitetei kwa kuwa yote ilikuwa mizuri, la hasha! Mingine ilikuwa mibaya kupindukia. Naitetea kwa kuwa ni ushahidi wa namna watu wa zama zile walivyoiona miji yao na walivyoiogopa. Ushahidi huo unaoza mbele ya macho yetu, ilhali sheria iliyotarajiwa kuulinda ndiyo inayowafungia mlango wanaotaka kuuokoa.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mashine ya ukumbini ilikuwa sanduku kubwa lenye kimo cha mtu, likiwa na kioo mfano wa televisheni, kijiti cha kumwelekezea shujaa aendako, vitufe vya kupigia ngumi na mateke, na tundu la kutumbukizia sarafu. Tundu lile ndilo lililokuwa mkuu wa wote. Mchezaji aliyekaa muda mrefu kwa sarafu moja alikuwa hasara kwa mwenye ukumbi. Kwa hivyo mchezo uliundwa uwe mtamu kiasi cha kumnasa mtu, kisha uwe mgumu kiasi cha kumtoa upesi ili atie sarafu nyingine. Anayetaka kujua kwa nini maadui wa michezo ile walimiminika kama siafu, jibu lake limo katika tundu hilo.

Michezo ya ngumi ya awali ilikuwa na njia moja tu. Katika Kung-Fu Master, uliotolewa na kampuni ya Irem mwaka 1984, shujaa huenda kushoto au kulia, basi. Mwaka 1986 kampuni ya Technos Japan ikatoa mchezo uliomruhusu shujaa kwenda pia mbele na nyuma, akazungukwa na wahuni kila upande kama mtu aliyezingirwa kweli mtaani. Muundaji wake, Yoshihisa Kishimoto, aliuchota mkasa huo katika ujana wake mwenyewe, maana alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari alikuwa mtu wa magomvi. Shujaa wake, Kunio, ni mwanafunzi anayetoka kwenda kumlipizia kisasi rafiki yake aliyepigwa, na vita vinaanzia kwenye kituo cha treni.

Mchezo huo ulipopelekwa Marekani na Ulaya ulibadilishwa jina ukaitwa Renegade, na mwanafunzi wa Kijapani akavuliwa sare yake. Mahali pake pakachukuliwa na mitaa ya jiji la Kimagharibi lenye magenge. Mwaka uliofuata Kishimoto alitoa Double Dragon, na mwaka 1989 kampuni ya Capcom ikatoa Final Fight, ambamo meya wa jiji, Mike Haggar, anatoka ofisini na kwenda kuwatwanga majambazi kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo miwili ndiyo iliyovuma. Renegade, uliokuwa mama wa ukoo mzima, umebaki kujulikana na wachache. Ndivyo ulimwengu ulivyo: mtoto akitajirika, mama husahauliwa kijijini.

Hebu sasa msomaji aniruhusu nimtajie michezo miwili mingine isiyotajwa sana, kwani humo ndimo ulimo msingi wa hoja yangu.

Wa kwanza ni APB, uliotolewa na Atari Games mwaka 1987. Mchezaji ni askari polisi aendeshaye gari katika barabara za jiji, na mashine yenyewe ilikuwa na usukani na kikanyagio kama gari. Kila siku ya kazi askari huyo hupewa idadi ya watu anaopaswa kuwakamata: atupaye taka, aendeshaye vibaya na wengineo. Idadi isipotimia, anakaripiwa. Makosa yakizidi, anafukuzwa kazi. Tena akimkamata mhalifu mkubwa na kumfikisha kituoni, mchezaji hutakiwa kubonyeza vitufe viwili kwa kupokezana, upesi upesi, ili amtikise mshukiwa mpaka akiri kosa kabla mkuu wa kituo hajaingia chumbani. Yote hayo yamechorwa kwa mzaha, kama vibonzo vya gazetini, na mchezaji hucheka.

Lakini hebu tulitafakari jambo hilo. Askari aliyepangiwa idadi ya watu wa kukamata, na ungamo linalotolewa kwa kutikiswa kabla mkubwa hajaona: je, hayo ni mzaha mtupu? Wananchi wa nchi nyingi, yetu ikiwamo, wangeitambua picha hiyo bila kuelezwa. Watu wa 1987 waliiweka ndani ya sanduku la kuchezea, watoto wakaitumbukizia sarafu.

Wa pili ni NARC, uliotolewa na kampuni ya Williams mwaka 1988 chini ya uongozi wa Eugene Jarvis. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa imetangaza vita dhidi ya dawa za kulevya, na mchezo huu ulikuwa sauti ya vita hivyo. Askari wawili wanapita mitaani wakipambana na wauzaji wa dawa hadi wamfikie mkubwa wao. Mchezaji anaweza kuwamiminia risasi na makombora mpaka viungo vyao vitawanyike. Lakini pia anaweza kumsogelea mhalifu na kumtia mbaroni, na akifanya hivyo huongezewa alama. Njia ya sheria imo, tena ina malipo. Ila inataka subira, na katikati ya risasi zinazovuma subira huwa adimu, na bunduki imo mkononi tayari.

Hapo ndipo mchezo unapotofautiana na kitabu na filamu. Mwanahistoria anaweza kutueleza kwamba miji ya Marekani ya miaka ya 1980 ilitawaliwa na hofu, na filamu inaweza kutuonyesha hofu hiyo tukiwa tumekaa kitini. Mchezo humpa mtu kijiti mkononi na kumwambia: amua. Aliyefyatua ni yeye, na aliyemtikisa mshukiwa ni yeye. Kwa hiyo mtu akinionyesha picha za NARC akadai kwamba ameuhifadhi, nitamwambia kuwa amehifadhi ganda akaitupa kokwa. Mchezo usiochezeka haukuhifadhiwa.

Je, hali ya michezo hii ikoje? Mwezi wa Julai 2023, taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation, ikishirikiana na Software Preservation Network, ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya video iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Kati ya michezo 100, ni 13 tu ambayo mtu anaweza kuinunua kwa njia halali leo. Mingine iliyobaki ama isakwe kwa watu wanaouza mashine kuukuu kwa bei ya kuruka, ama ichukuliwe kwa njia ambayo sheria haiitambui.

Wapo watakaonijibu kwamba majumba ya makumbusho yamekwisha kulishughulikia jambo hili. Ni kweli, na nawapongeza. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilianza mkusanyo wake wa michezo ya video mwaka 2012 kwa michezo 14, ukiwamo Pac-Man. Jumba la The Strong, lililoko Rochester katika jimbo la New York, lilianza mwaka 2015 kuitunukia michezo heshima ya kudumu, nalo likaanza na yenye majina makubwa kama Pong, Tetris na Super Mario Bros. Lakini Pac-Man hahitaji mwokozi! Wenye hakimiliki yake wanaishi kwake na hawatamwacha afe. Kumlinda mwenye walinzi tele na kumwacha asiye na mlinzi hata mmoja ni sawa na kumpa mwavuli aliye ndani ya nyumba.

Maangamizi ya michezo isiyojulikana yana sababu tatu, nami nitazieleza moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni mwili wa mashine. Vipuri huchakaa na vioo hufifia, na hilo halina wa kulaumiwa. Lakini kuna kifo kilichopangwa. Kuanzia mwaka 1993 kampuni ya Capcom, ikiwa imechoshwa na walioinakili michezo yake na kuiuza, ilitoa mtambo ambao programu zake ziliandikwa kwa mafumbo. Ufunguo wa mafumbo hayo uliwekwa katika kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Betri ikiisha, ufunguo hufutika, na mashine nzima isiyo na kasoro nyingine yoyote hubaki bubu. Wapenzi wa michezo wakaiita betri ya kujiua. Kufuli lililokusudiwa kumzuia mwizi likawa kaburi la mali yenyewe.

Ya pili ni kufa kwa kampuni. Technos Japan, iliyotuletea Kunio, ilifilisika mwaka 1996. Data East, iliyotoa michezo kadhaa ya mapigano ya mitaani, ikafuata mwaka 2003. Midway, iliyorithi michezo ya Williams, ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2009. Kampuni inapokufa, mali yake hugawanywa kama urithi wa marehemu aliyekuwa na wadai wengi. Mchezo maarufu hugombaniwa. Ule usiojulikana hutiwa katika gunia pamoja na viti na meza, na anayelinunua gunia huenda asijue kilichomo. Hata hivyo hakimiliki haifi. Kwa sheria ya Marekani, kazi ya kampuni hulindwa kwa miaka 95 tangu itolewe. NARC utakuwa huru mwaka 2084. Nani atakayekuwa amebaki na mashine inayowaka mwaka huo?

Ya tatu ni mikataba. Mwaka 1993 Capcom ilitoa Cadillacs and Dinosaurs, mchezo uliotokana na hadithi za picha za Mark Schultz. Mashujaa wake ni wanne, na mmoja wao huitwa Mustapha Cairo. Katika nchi za Bara Hindi mchezo huo ulipendwa kiasi kwamba jina lake la Kiingereza lilitupwa, vijana wakauita kwa jina la shujaa wao: Mustafa. Licha ya mapenzi hayo, haukupata kutolewa kwa mashine za nyumbani, kwa kuwa haki za mchezo zimo mkono mmoja na haki za hadithi zimo mkono mwingine. The Punisher, mchezo mwingine wa Capcom wa mwaka huo huo, ulifungwa na pingu za namna hiyo. Ule wa asili wa ukumbini ulingoja hadi 2024 ndipo ukauzwa kwa ajili ya nyumbani. Miaka 31! Armored Warriors wa 1994 na Battle Circuit wa 1997 ilifika majumbani kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Wenye mali wakitaka, basi, wanaweza. Lakini aghalabu hawataki mpaka wahesabu faida, na mchezo usiojulikana hauna faida ya kuhesabiwa.

Ni nani basi aliyeziba pengo hili? Mnamo Februari 1997 Mwitaliano mmoja, Nicola Salmoria, alitoa programu iitwayo MAME, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida ijigeuze kuwa mashine ya ukumbini. Ilianza na michezo michache, kisha wataalamu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia wakaiongezea maelfu. Walinunua saketi zilizooza, wakasoma yaliyomo katika chipu moja moja, wakayaandika. Hata yale mafumbo ya Capcom yalifumbuliwa kabisa ilipofika 2007, Salmoria akiwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Watu hawa hawakulipwa. Lau si wao, sehemu kubwa ya ninayoyasimulia hapa yangekuwa ngano.

Katika macho ya sheria, hata hivyo, anayezichukua nakala za michezo hiyo ili aichezeshe katika programu kama hiyo huhesabiwa mvunja hakimiliki. Simtetei mwizi. Mtu anayeunakili mchezo unaouzwa leo dukani anamnyang'anya mwenzake riziki, na afaa aadhibiwe. Lakini mchezo ambao haujauzwa na mtu yeyote kwa miaka 30, ambao mwenyewe hajulikani ama hajijui, unaibiwa kwa nani? Riziki ipi inayopotea? Sheria inayoshindwa kutofautisha kati ya anayechuma embe bustanini kwa jirani na anayeliokota lililooza njiani ina haja ya kutazamwa upya.

Hapo ndipo palipo na uchungu wa mwaka 2024. Wahifadhi wa Marekani waliiomba ofisi ya hakimiliki ya nchi yao iziruhusu maktaba kuwapa watafiti, wakiwa mbali, nafasi ya kuifungua michezo isiyouzwa tena, kama zilivyoruhusiwa mwaka 2021 kwa programu nyingine za kompyuta. Mwezi wa Oktoba ombi lilikataliwa. Hofu iliyotolewa ni kwamba watu wangeitumia michezo hiyo kujiburudisha, na soko likaumia. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuuchunguza mchezo wa 1987 sharti asafiri hadi kwenye jengo ulimowekwa. Nauliza: ni maktaba gani iliyowahi kukataa kuazima riwaya kwa kuchelea kwamba msomaji ataifurahia?

Najua kuna wazazi na walimu ambao wamesoma hadi hapa huku wakitikisa kichwa. Watasema: michezo hii ilifundisha ngumi, ikala karo za watoto na muda wao, iache ife! Hoja yao si ngeni. Mwaka 1981 Rais Ferdinand Marcos aliipiga marufuku michezo ya video nchini Ufilipino. Mji mdogo wa Marshfield, katika jimbo la Massachusetts, uliziondoa mashine hizi mwaka 1982 na haukuzirudisha hadi 2014. Mwaka 1993 baraza la Senati la Marekani lilifanya vikao juu ya ukatili wa michezo, na mwaka 1994 wenye viwanda wakaanzisha utaratibu wa kuipanga kwa umri wa wachezaji. Utaratibu huo nauunga mkono. Mtoto wa miaka minane hana haja na NARC.

Lakini kumkinga mtoto ni jambo moja, na kufuta ushahidi ni jambo jingine. Katika michezo hii mwanamke aghalabu ni mateka tu: Marian katika Double Dragon, Jessica katika Final Fight, kazi yao ni kutekwa ili wanaume wapate sababu ya kupigana. Maskini wa mitaani huchorwa wote kama wahalifu. Je, tutawaonyeshaje wajukuu wetu kwamba mawazo hayo yaliuzwa hadharani, kwa sarafu, ikiwa tumeviteketeza vielelezo? Mtupa jongoo hutupa na mti wake, ni kweli. Ila mwanasayansi humweka jongoo katika chupa, akambandika jina, ili ajaye amjue.

Pengine msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi Wakenya? Yanatuhusu, kwa kuwa nasi tumekwisha kuanza kutengeneza ya kwetu, nayo ni ya mitaa yetu. Kampuni ya Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu katikati ya msongamano wa magari. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo jiji letu linavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali na Mkenya anashika silaha kulitetea. Aliyeshika usukani wa matatu ile katika simu yake alilijua jiji la Nairobi kwa namna ambayo ramani ya serikali haimwonyeshi.

Michezo yetu haina hata sanduku la mbao litakalookotwa katika ghala na mjukuu mdadisi. Imo hewani, katika maduka ya simu ambayo mwenye nayo akiamua kufunga, hufunga. Duka la Nokia, lililoanzishwa mwaka 2009 kwa jina la Ovi na ambalo lilikuwa soko la michezo ya simu kwa Waafrika wengi, lilifikia mwisho wake mwaka 2015, wateja wakaelekezwa kwingine. Simu zilizoichezesha michezo hiyo zimekwisha kufa au kutupwa. Waliochelewa huko ng'ambo wana angalau chipu za kusoma. Sisi tukichelewa, hatutakuwa na kitu cha kufukua.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Jumba letu la Nyaraka za Kitaifa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ni taasisi zilizowekwa kwa sheria za mwaka 1965, wakati ambapo kumbukumbu ilikuwa karatasi. Bunge linaweza kuongeza kifungu kinachomtaka kila mtengenezaji wa mchezo wa video nchini aweke nakala yake katika mojawapo ya taasisi hizo, pamoja na maandishi ya programu na maelezo ya mashine inayouchezesha, kwa masharti kwamba hautafunguliwa kwa umma maadamu yeye bado anauuza. Siku atakapoacha kuuza, au kampuni yake itakapofungwa, watafiti na wanafunzi waruhusiwe kuucheza. Mwenye mali hapotezi senti, na taifa halipotezi kumbukumbu.

Nao walio na sauti katika mikutano ya kimataifa ya hakimiliki wasiende kule kuitikia tu wanayoyasema wenye viwanda vikubwa. Wapendekeze kanuni moja nyepesi: kazi iliyoachwa na mwenyewe bila kuuzwa kwa muda uliowekwa, maktaba iruhusiwe kuiazimisha. Renegade ingenufaika, na Mustafa wa Bara Hindi, na matatu yetu pia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la michezo ya Japani na Marekani limeandikwa na watu wa kujitolea, usiku, kwa hofu ya kushitakiwa. La kwetu bado ni jeupe, na Bunge lina kalamu.